Karatasi tatu zilizosahauliwa kuloweshwa

Mwezi wa saba mwaka jana binti mmoja wa Umoja alinipigia simu usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanyamaza. Aliniambia amechapa karatasi 20 kwa wiki nzima, zote zimeharibika, na ubao wenyewe umekwisha kuchongwa hauwezi kuchapa tena. "Dada, yule mwalimu alituficha kitu," akasema.

Mwalimu aliyemtaja ni mchapaji wa picha za ubao, mtu wa makamo, mwenye karakana nyuma ya gereji moja kule Kariobangi Light Industries. Mimi ndiye niliyempeleka kwake, mwezi wa tatu, pamoja na vijana wengine saba. Ndiyo kazi ninayoifanya kwa miaka kadhaa sasa: kuwatafutia wasanii wachanga nafasi ya kuingia katika studio za wasanii waliokomaa, wajionee mbinu kwa macho yao. Kwa hiyo lawama ile ilikuwa yangu kabla haijawa yake.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kilinionyesha jambo ambalo ziara zote za nyuma hazikunionyesha, na kwa sababu najua wapo wengi Nairobi wanaopanga ziara kama nilivyokuwa nikizipanga mimi.

Kwanza mbinu yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kuona kosa lilipoingilia. Uchapaji huu hutumia ubao mmoja kwa rangi zote. Unachonga sehemu zitakazobaki nyeupe, unapaka wino ulio hafifu kuliko wote, tuseme wa njano, kisha unachapa karatasi zote unazotaka. Halafu unaurudia ubao uleule, unachonga zile sehemu unazotaka zibaki njano, unapaka rangi ya pili na kuchapa juu ya karatasi zilezile. Hivyo hivyo mpaka nyeusi. Kila rangi inaula ubao. Ukifika mwisho umebaki na mistari michache, na nakala ulizonazo ndizo zitakazokuwepo duniani. Picasso aliipa mbinu hii umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1950 alipokuwa akichonga lino, aina ya tandiko la sakafu, badala ya ubao, kusini mwa Ufaransa, lakini kazi ya kuchapa ilifanywa na fundi wa mji wa Vallauris aliyeitwa Hidalgo Arnéra. Hapa kwetu picha za ubao zina wenyewe: Peterson Kamwathi alijulikana kwanza kwa chapa zake za ubao, na matatu za Dennis Muraguri, zilizochongwa kwenye mbao kubwa, zinatambulika hata na mtu asiyewahi kuingia kwenye jumba la sanaa.

Jambo gumu ni kuifanya rangi ya pili ikae palepale ilipo ya kwanza. Wajapani walilitatua zamani kwa alama wanazoziita kento: kona ndogo iliyochongwa pembeni mwa ubao, na mstari mfupi kwenye ukingo mmoja. Kona ya karatasi inaingia kwenye kona ya ubao, ukingo unagusa mstari, ndipo karatasi inalazwa. Mchapaji wetu hutumia alama hizo. Mashine ya kubana hana. Husugua mgongo wa karatasi kwa mwiko wa mti, mwiko wa ugali kabisa, uliolainika upande mmoja mpaka unang'aa.

Sasa ile ziara ya mwezi wa tatu. Tulifika saa nne asubuhi, watu tisa pamoja nami, tukakaa mpaka saa sita. Mwalimu alijiandaa kwa moyo mkunjufu. Alituonyesha patasi zake, akachonga kidogo, akanyunyizia karatasi maji, akapaka wino wa njano, akachapa. Kila mtu akapiga picha. Kisha, ili tusikae siku tatu tukingoja njano ikauke, akatoa karatasi nyingine alizozichapa njano wiki ya nyuma na kuchapa wekundu juu yake mbele yetu. Akamalizia na nyeusi kwenye karatasi zilizokwisha kuwa na rangi mbili. Kwa muda wa saa mbili, picha nzima. Vijana wakapiga makofi. Nikamshukuru, nikamwachia soda na nauli, nikaandika kwenye daftari langu kwamba ziara imefana.

Binti aliandika maswali na majibu kwenye kitabu cha mazoezi. Nimekiona. Aliuliza wino unapakwa kiasi gani, akajibiwa "kidogo tu, usizidishe". Aliuliza karatasi inaloweshwa kwa nini, akajibiwa ili ipokee wino vizuri. Aliuliza rangi ya pili inachapwa lini, akajibiwa "ya kwanza ikishakauka". Majibu yote ni ya kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia.

Aliporudi nyumbani alinunua plaiwudi, karatasi nzito za pamba, na wino wa mafuta, ule wa mitambo ya ofseti wanaotumia wachapaji wa kadi za harusi mjini. Zilimtoka karibu shilingi 9,000, fedha alizolipwa kwa kuwachorea vinyozi wanne mabango. Picha aliyoichora ilikuwa ya mama anayekaanga mandazi alfajiri kando ya kituo cha matatu: jiko chini kulia, uso wa mama juu kushoto, mwanga mweupe wa taa ukimpiga shavuni. Ilikuwa picha nzuri kwa kweli. Alichonga kwa miezi mitatu, usiku baada ya kazi. Akachapa njano siku ya kwanza, wekundu siku ya pili, nyeusi siku ya nne. Njano na nyeusi zilikubali. Wekundu ndio uliomtia kilio: umepanda pasipo pake, na mahali pengine umechanganyika na njano ukawa tope la rangi ya kutu.

Nilikaa na lile neno "alituficha" siku mbili tatu, na siwezi kusema nililikataa. Sisi ni watu wa siri ya mtungi aijuaye kata. Fundi anayeficha tunamjua. Yupo seremala anayemtuma kijana dukani kila anapofika hatua ya kupima pembe, na yupo fundi cherehani anayekata kitambaa mlango ukiwa umefungwa. Lakini mchapaji huyu alikuwa amefungua kila kopo mbele yetu. Nikaona njia ya haki ni moja, twende naye binti, na karatasi zote 20, tumwekee mezani.

Tulikwenda Jumatano, sisi wawili tu. Nilimpigia mwalimu mapema na kumwambia wazi kwamba safari hii nitamlipa siku yake, shilingi 3,000, kwa kuwa namchukulia muda wa kazi. Alisita, kisha akakubali.

Kilichofuata nakikumbuka vizuri kuliko ziara zote nilizowahi kupanga. Mwalimu hakuuliza binti alifanyaje. Alizipanga karatasi sakafuni safu nne, akavua miwani, akaivaa tena, akapiga magoti. Akaweka kidole kwenye jiko, kona ya chini kulia. "Hapa umepatia," akasema. Kweli, kwenye jiko njano na wekundu vilikaa sawa kama vimezaliwa pamoja. Akakivuta kidole taratibu kuelekea juu kushoto. Kwenye mkono wa mama wekundu umehama kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Begani umehama zaidi. Usoni, ule mwanga mweupe wa shavu umeliwa na wekundu upande mmoja, na upande wa pili umeachwa na utepe wa njano wa milimita tatu.

"Alama zako za kona zilikuwa upande gani?"

"Huku chini kulia, Mwalimu, kwenye jiko."

"Basi hukukosea kuweka karatasi. Ungekosea kuweka, kosa lingekuwa sawa kila mahali, au lingepinda. Hili linaanza na sufuri kwenye kona na kukua kadiri unavyokwenda mbali. Karatasi yenyewe imebadilika ukubwa, binti yangu."

Binti alinyamaza. Mimi pia. Ndipo mwalimu akaziona karatasi tatu za mwisho, zile binti alizokuwa ameziweka chini kabisa ya fungu kwa aibu. Njano yake ilikuwa na mabaka kama ukuta uliobambuka, imeshika hapa, pale haikushika. Lakini shavu la mama lilikuwa safi. Wekundu umekaa mahali pake, kutoka jiko mpaka kilemba.

"Hizi tatu ulizifanya vipi?"

"Hizo ndizo mbaya zaidi. Nilisahau kuzilowesha. Usiku ulikuwa umekwenda, nikachapa njano zikiwa kavu hivyo hivyo."

Mwalimu alikaa chini kabisa, sakafuni, akacheka kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Karatasi ikinyonya maji hutanuka, ikikauka hurudi. Binti alilowesha karatasi 17 akazichapa njano zikiwa zimetanuka. Kesho yake zilikuwa zimekauka na kusinyaa, njano ikasinyaa nazo, na yeye akachapa wekundu juu ya karatasi kavu. Ubao haukusinyaa. Kwenye karatasi ya sentimita 60, kusinyaa kwa nusu ya asilimia tu kunakupa milimita tatu. Zile tatu zilizosahauliwa zilikuwa kavu njano ikichapwa na kavu wekundu ukichapwa, kwa hiyo hazikuhama.

Swali likabaki: kwa nini hakulowesha mara ya pili? Akajibu kwamba hakumwona mwalimu akilowesha mara ya pili. Na kweli hakumwona. Hakuna aliyemwona. Siku ile ya ziara, zile karatasi zenye njano zilikuwa tayari. Mwalimu alikuwa amezilowesha jioni ya jana yake, akazipanga moja juu ya nyingine ndani ya mfuko wa plastiki, akazikandamiza kwa ubao usiku kucha ili unyevu uenee sawa. Asubuhi alizitoa mfukoni mbele yetu zikionekana karatasi za kawaida tu. Binti alipoitafuta video yake tuliuona mfuko, mweusi, kwenye ukingo wa picha, kwa muda kama wa kupepesa macho.

Kwa hiyo hakuna aliyeficha. Mwalimu alitaka kutupunguzia kungoja, akaandaa karatasi mapema kama mama anayeandaa chakula kabla wageni hawajafika, na katika kuandaa huko zikaondoka siku zote zilizo katikati ya rangi na rangi. Siku hizo ndizo mbinu. Nami ndiye niliyempa saa mbili.

Lile tope la kutu lilieleweka upesi. Wino wa mafuta haukauki kama maji yanavyokauka juani; mafuta yake huungana na hewa na kugeuka ngozi ngumu, na baridi huchelewesha. Mwezi wa pili na mwanzoni mwa wa tatu, Nairobi ikiwa kavu na jua kali, njano ya mwalimu huwa tayari kwa siku mbili au tatu. Mwezi wa saba, jua lisipoonekana wiki nzima na mtu anashinda na sweta, wino uleule unaweza kukaa siku tano na bado ukinata. Binti aliugusa njano kesho yake, ukaonekana mkavu juu, akaendelea. Chini ulikuwa mbichi, na wekundu ukauburura. "Ya kwanza ikishakauka" ni jibu sahihi linalobadilika kwa miezi, na mtu aliyechapa miaka mingi hakumbuki kwamba kuna wakati lilimsumbua.

Hapo nilidhani tumemaliza. Mwalimu ndiye aliyesema hapana. Akamwambia binti kwamba mambo ya kusikia anayo sasa, lakini mkono bado, na kwamba yeye ana picha yake ya rangi tatu, nakala 24, anayotaka kuichapa mwezi huo. Akitaka aje kila Jumatano amsaidie. Fedha hataki tena.

Binti alikubali kabla mwalimu hajamaliza sentensi, na nilielewa sababu. Uchoraji wa mabango hakuusomea popote. Aliushikia ngazi. Mjomba wake alikuwa akiandika majina ya maduka na kuchora vichwa vya kinyozi kule Kayole, na mwaka mzima wa kwanza yeye alishika ngazi, akakoroga rangi, akafuta matone. Siku mjomba alipomwachia brashi alijikuta tayari anajua herufi inaanzia wapi. Huo ndio uanagenzi, na kila fundi wa jua kali katika jiji hili ameupitia. Sanaa yetu nayo imepita humo. Kundi la wasanii la Maasai Mbili, kule Kibera, lilianzishwa 2001 na wachoraji wa mabango. Kituo cha wasanii cha Kuona kilipoanza 1995 kwenye viwanja vya Makumbusho ya Nairobi, kijana asiye na shule ya sanaa aliweza kuingia, akapata nafasi kando ya msanii mwingine, akafanya kazi, akarudi kesho. Wasanii wa kundi la Wajukuu, kule Lunga Lunga katika mtaa wa Mukuru, wamekua pamoja kwenye karakana yao na kuwafundisha watoto wa jirani, na 2022 walipokwenda kwenye maonyesho ya Documenta huko Kassel, Ujerumani, walitunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Mimi, katika jiji lenye historia hiyo, nilikuwa nikiwaingiza watu wanane kwa saa mbili na kuwatoa.

Jumatano zilikuwa nne. Mbili za kwanza binti hakugusa ubao. Alipasua karatasi kwa rula, akazilowesha jioni, akazipanga mfukoni, akazigeuza ile ya juu ikawa ya chini ili maji yaenee. Alifuta kioo cha kukorogea wino kwa mafuta ya kupikia na matambara. Kwenye kitabu chake cha mazoezi, mahali palipokuwa na maswali, sasa palikuwa na namba: karatasi hii ilikuwa na upana gani kavu, upana gani mbichi, saa ngapi imelowa, hali ya hewa ya siku hiyo.

Jumatano ya tatu ndipo likatokea jambo ambalo hata mwalimu hakulitarajia. Karakana ile ina redio ndogo juu ya dirisha, inaimba kutwa. Binti alimwambia, "Mwalimu, mbona kila ukipaka wino unapunguza redio?"

Akakana. Akasema redio inapigwa tu, haina uhusiano. Dakika kumi baadaye akachukua rola, na mkono wa kushoto ukapanda dirishani kuigeuza sauti, wenyewe, macho yakiwa kwenye kioo. Wote watatu tukauona. Akasimama na ule mkono hewani.

Anasikiliza wino. Rola inapopita juu ya kioo chenye wino wa kiasi hutoa mlio mwororo wa kuchakacha, kama mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba. Wino ukizidi mlio unageuka, unanata, unakuwa kama kandambili kwenye matope. Ukipungua, rola inateleza kimya. Wachapaji wengi duniani wanaujua mlio huo na huutaja wanapofundisha. Huyu alijifundisha mwenyewe kwa sehemu kubwa, hakuna aliyemtajia, sikio lake likaushika kimya kimya na yeye akabaki akisema "kidogo tu, usizidishe". Alimwita binti karibu, akaizima redio kabisa, akaongeza wino kidogo kwa kisu, akapitisha rola. Akaongeza tena. "Umesikia? Hapo. Hapo umezidi." Wakarudia mara nyingi, na nje fundi wa gereji alipoanza kupiga nyundo wote wawili waliinua mikono kungoja anyamaze.

Kisha mwalimu akakumbuka jambo, akaenda kwenye droo akatoa nakala alizozichapa mbele yetu mwezi wa tatu. Alikuwa amezitenga kwa sababu wino wake ulikuwa mwingi, umejaza mistari myembamba, na hakuelewa kwa nini siku ile mkono ulimkosesha. Sasa alielewa. Tulikuwa watu tisa, tukiongea, simu zikilia. Hakuwa anausikia wino. Ziara niliyoipanga ili watu waone mbinu ilikuwa imeizima mbinu yenyewe.

Niseme pia juu ya masharti, kwa kuwa huku ndiko ziara nyingi zinakovunjikia, na watu huona haya kuyataja. Jumatano ile ya kwanza tulikubaliana mambo matatu kwa mdomo, nikayaandika. Kupiga picha mikono na vifaa, ruhusa. Kupiga picha ubao ambao haujamalizika, hapana, kwa sababu nakala zake hazijauzwa. Mbinu ni ya binti kuichukua na kuitumia atakavyo, na kumfundisha atakaye. Michoro ya mwalimu, na ule mpangilio wake wa rangi unaomtambulisha sokoni, abaki nao. Mchoraji Elimo Njau, aliyeanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa pamoja na wenzake 1965, alikuwa akiwaonya wasanii kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Nimesikia wasanii wakilitumia onyo hilo kumfungia mgeni mlango. Naona wanalipeleka siko. Namna ya kulowesha karatasi haina mwenyewe. Mama wa mandazi kwenye mwanga wa taa ana mwenyewe, na ni binti wa Umoja.

Na suala la malipo: miaka yote ile nilikuwa nikiwaletea wasanii soda na shukrani. Siku ya kazi ya mchapaji ni siku ya kula yake. Akikupa asubuhi nzima bila malipo atakupa kile anachoweza kukitoa haraka, yaani maonyesho, na hatakuwa amekudhulumu.

Mwisho wa mwezi wa nane binti alichonga ubao mpya, mama yuleyule, mdogo zaidi. Alichapa karatasi 12. Alizilowesha kila mara kabla ya kila rangi, akangoja siku sita kati ya njano na wekundu, na chumbani kwake Umoja alimwomba jirani apunguze muziki kwa nusu saa. Tisa zilitoka safi. Mbili alizipotezea kwenye nyeusi, moja ilianguka sakafuni ikiwa mbichi. Ameuza tano.

Mwalimu alimwomba mojawapo ya zile karatasi tatu za mabaka. Ameibandika juu ya dirisha, kando ya redio, na vijana wakija anaanza nayo. Mimi siku hizi sipeleki zaidi ya watu wawili, na sipeleki mtu ambaye hajajaribu kwanza nyumbani akaharibu. Naye aende na alichokiharibu.

Wiki iliyopita binti alinipigia tena, mchana safari hii. Amepata karatasi za bei nafuu kwenye duka moja la mjini, na zinamsumbua: zinatanuka kwa upana tu, kwa urefu hazitanuki, hata akizilowesha sawasawa. Ameshaharibu sita. Jumatano anazipeleka Kariobangi.